Toeni miaka 15

Naona kwenye bango mmeandika kwamba ofisi hii ya mawakili imetetea watu hapa Zanzibar tangu kabla ya Mapinduzi ya 1964 "bila kukatika". Mwenzenu nimezeeka, lakini hesabu bado naijua. Toeni 15.

Mahakama za Wananchi zilianza mwaka 1970. Walikaa watu watatu wasiosomea sheria, na wakili akakatazwa kumsemea mtu. Hata kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 7, 1972, washtakiwa hawakuwa na wakili. Mpaka 1985 ndipo zikaondoshwa. Sasa miaka yote hiyo ofisi ilikuwa ikitetea nini, nzi?

Marehemu baba alikuwa karani wa wakili pale Vuga, hatua chache kutoka jengo la Mahakama Kuu alilolichora Sinclair, Mwingereza msanifu majengo. Tajiri wake alipokwenda zake Mombasa, alimwachia ufunguo na makabati manne. Nyumba ikataifishwa, akaambiwa atoe vitu. Baba akayapakia mafaili kwenye gari la ng'ombe mpaka kwetu Kikwajuni, akayapanga uvunguni mwa samadari. Mama akapiga kelele, mende hao! Watoto tulikatazwa kuyagusa; mie niliyagusa. Ndimo nilimojifunza kusoma, wallahi: "kaskazini, mikarafuu ya fulani." Jioni watu wanapita mlango wa uani. Huyu anatafuta hati ya wakfu ya bibi yake, yule kapoteza karatasi za shamba. Baba anainama, anapapasa, anatoa. Halipwi, leo kaletewa muhogo, kesho pweza. Mkitaka kusema kazi haikukatika, basi ni pale uvunguni, mikononi mwa mtu asiye na joho. Picha yake siioni ukutani hapa.

Kijana mmoja hapo mbele anatikisa kichwa. Utaniambia zile mahakama zilikuwa za haraka, hazina gharama, na za mkoloni zilikuwa za wenye pesa. Kweli, mwanangu. Mkulima wa Wete hakuwa na uwezo wa wakili. Lakini daktari akiwa ghali, ndiyo tufunge hospitali?

Nilikusudia kuwazungumzia mavakili, wale waliosimama mahakama za chini, na makadhi pia, lakini mshereheshaji ananionyesha saa kama mwenye deni. Basi. Mafaili ya baba bado ninayo. Msiniambie siri ya mteja. Wateja wenyewe wengi wako makaburini. Mchwa wameshaingia mafaili ya kabati la pili. Nani hapa ana gari?