Jiwe Linalonyweshea Bustani ya Mama

Mwangaluka, ndugu zangu! Leo siongei nanyi kutoka Hamburg. Nipo Mabatini, hapa hapa Mwanza, uani kwa mama, na hilo mnaloliona nyuma yangu ndilo jiwe letu. Ngoja nigeuze kamera mlione lote. Nyumba yenyewe haifikii hata nusu yake.

Utotoni sikulipenda hata kidogo. Ndugu zetu wa Magu walikuwa na mashamba, sisi tuna jiwe. Mchana linameza jua, usiku linatuhemea joto lake.

Sasa tazameni pale chini yake. Huo ukanda wa udongo hauzidi hatua tatu kwa upana. Mama aliupandisha kutoka bondeni kwa ndoo, msimu hadi msimu, akaukingia mawe madogo usishuke. Jana jioni mvua ya vuli ilipiga, nikasimama mlangoni, nikaona jambo ambalo miaka yote sikulitia maanani. Jiwe halinywi maji! Kila tone linaloliangukia mgongoni linateremka, na karibu yote yanaishia kwenye tuta la mama. Mvua ya eneo lote lile inanywesha kipande kile kidogo. Nilidhani alilima pale kwa kukosa pengine. Kumbe alipachagua.

Na huyu… subirini, asikimbie. Mmeona? Kichwa na mabega mekundu, kiwiliwili cha bluu. Ni mjusi dume wa mawe yetu. Kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, jina la Mwanza limo ndani ya jina lake. Anakula wadudu, kwa hiyo mama hamfukuzi. Nimekua nikiwarushia mawe hawa, na leo nimekaa nusu saa nzima namwangalia mmoja tu. Mzuri mno.

Ila kilichonishika kabisa ni mgagani huu hapa. Ndio mkubwa kuliko yote, umejaa majani, na maua yake meupe yamechomoza nyuzi ndefu za zambarau. Mimi ningeuchuma huu kwanza. Jana nilinyoosha mkono, mama akanizuia: “Huo wa mbegu. Ukila ulio bora, mwakani utapanda nini?”

Sikuwa na jibu. Kule nanunua mbegu za pakiti kila mwaka, sijawahi kuuachia mmea hata mmoja ukomae. Mwaka juzi niliotesha mgagani kibarazani mwezi Aprili, kwa pupa ya kutamani kwetu, baridi ikaua wote. Mgagani unataka joto.

Mama amenionyesha kazi yenyewe. Vitumba vinakatwa vikianza kuwa njano, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu chini. Kisha hupandi papo hapo, maana mbegu mbichi ya mgagani huota kwa shida. Inataka ikae miezi kadhaa. Mama huifunga kwenye kitambaa, huitundika jikoni, husubiri. Za msimu uliopita zimeshaiva kwa kupandwa, na amenigawia. Kesho nafuatilia cheti cha afya ya mimea, kwani Ulaya mbegu haziingii bila hicho. Nitazitia udongoni Juni, wakati Hamburg mchana unafikia urefu wa saa 17.

Haya, ananiita. Mgagani uko jikoni, anataka nimkorogee wakati yeye anatia maziwa, uchungu upungue.