Mdomo mkavu hauna mlinzi

Tezi za mate ziko wapi, wauguzi na waganga mlishafundishwa, sirudii. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tuendelee.

Mmenisikia mara nyingi, mtanivumilia tena: mate hulinda yakitiririka. Kirusi kikitua mdomoni, ute hukinasa kabla hakijagusa seli, na kingamwili ya IgA, protini ya kinga iliyomo kwenye mate, huziba sehemu ambazo kingejishikizia. Kisha mtu humeza, na virusi vingi huishia kwenye asidi ya tumbo. Mtiririko ukikatika, hakuna wa kuvisomba.

Sasa tazameni Dodoma kiangazi. Upepo, vumbi, na mtu hajagusa maji hadi saa nane mchana. Pua imeziba, usiku kucha anahemea mdomo, na usingizini mate hupungua karibu kukatika. Asubuhi anameza piriton ya mafua, nayo inakausha mate! Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, hali kadhalika. Akilalamika mdomo umekauka, mnampa dawa ya kusukutua yenye alkoholi, inayozidisha ukavu. Jamani!

Pimeni mate kwanza. Kwa saa moja kabla asile, asinywe, asipige mswaki. Akae, ainamishe kichwa kidogo, ameze mara moja, kisha aache mate yachuruzike kikombeni kwa dakika 5, bila kutafuna wala kujikamua. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Povu halihesabiwi, hapo ndipo wengi wanapokosea, wanasoma povu na kuandika "mate yapo". Yasipofika mililita 0.5, mdomo huo umekauka. Anzeni kupekua dawa anazotumia, ndipo mmshauri anywe maji kidogo kidogo na atafune bigijii isiyo na sukari. Na ubuyu? Nilijua mtauliza. Uchachu wake huleta mate, lakini ule wa sukari na rangi ukinyonywa kutwa utakula meno.

Kuna anayewaza: mbona matubwitubwi na kichaa cha mbwa huenezwa na mate? Kwa sababu virusi hivyo huzaliana ndani ya tezi zenyewe. Cha kichaa hupita kwenye neva hadi ubongoni, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Kwa hiyo nani aliwaambia kidonda kilambwe na mbwa ili kipone? Mbwa akiuma, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

VVU kwa kifupi: mate yana chumvi kidogo kuliko damu, hivyo seli nyeupe zilizobeba virusi hufyonza maji, hufura na kupasuka. Ni mojawapo ya sababu kula sahani moja hakuambukizi.

Laktoferini, protini nyingine ya kinga iliyomo kwenye mate, itabidi isubiri, mwenyekiti ananionyesha saa. Vikombe vya kipimo viko mezani. Mliokunywa chai sasa hivi, kaeni kwanza saa moja.