Kabureta Tatu za Six Pack: Zifunge Sawasawa, Zifunguke kwa Wakati

Karibuni gereji. Hii hapa ni injini ya Chrysler ya inchi za ujazo 440, lita 7.2 hivi, yenye kabureta tatu za Holley mstari mmoja. Dodge waliiita Six Pack, Plymouth wakaiita Six Barrel; farasi 390 kutoka kiwandani. Kama gari ni la 1970, kabla hujatoa hela soma namba ya chesesi juu ya dashibodi, upande wa dereva. Herufi ya tano ikiwa V, limezaliwa na kabureta hizi. Ikiwa U, lilitoka na kabureta moja ya midomo minne (matundu manne ya kupitisha hewa), hizi zimeongezwa baadaye.

Kufungua na kuosha mnajua, tunapita. Gasketi zote mpya.

Tatizo kubwa ni injini kukataa kushuka mzunguko hata ukiilegeza kabisa skrubu ya kurekebisha mzunguko kwenye kabureta ya kati. Shika kabureta ya pembeni, yaani ya mbele au ya nyuma, ielekeze kwenye taa. Sogeza kamera hapa... karibu zaidi... mnaona ule mwezi mwembamba wa mwanga? Kipepeo, kile kibati kinachofungua na kuziba njia ya hewa, hakifungi. Hewa inapita hapo.

Sasa taratibu. Zile skrubu mbili ndogo za kipepeo, ncha zake zimepondwa kwa nyuma ili zisilegee. Piga tupa ncha hizo KWANZA. Ukilazimisha bila kupiga tupa, zinakatikia ndani ya shafti. Legeza kidogo, funga kipepeo kijipange chenyewe, kaza. Kisha weka skrubu mpya moja moja, na Loctite (gundi ya kuzuia skrubu isilegee), na uziponde tena. Narudia: ziponde tena. Skrubu ikichomoka inaingia kwenye silinda, na hapo unafungua injini nzima.

Angalia taa tena. Giza. Safi.

Viwambo vya mpira, ndivyo vinavyofungua kabureta za pembeni kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa: fungua kipepeo kwa kidole, ziba tundu la vakyumu, achia. Kikibaki wazi, kiwambo ni kizima. Kikirudi taratibu kimetoboka, au mpira umebanwa na kifuniko. Unapofunga kifuniko, laza mpira bila mkunjo, kaza skrubu kwa kupishanisha.

Fito zinazounganisha kabureta ya kati na za pembeni kazi yake ni kuvuta vipepeo vifunge. Zungusha kila fito kurekebisha urefu mpaka iingie bila kusukumwa, vipepeo vyote vikiwa vimefungwa. Ikilazimishwa, ule mwezi unarudi.

Wako wanaotupa viwambo na kuunga fito moja kwa moja kwenye pedeli. Sipendi kabisa. Kabureta za pembeni hazina pampu ya kumwagia petroli unapokanyaga. Zikifunguliwa ghafla hewa inazidi na injini inakohoa. Kiwambo kinasubiri mvuto wa kabureta ya kati, ndiyo uzuri wa mpango huu.

Simama, kamera irudi kule nyuma. Mpira huu wa vakyumu umepasuka kwenye kona. Badilisha, vinginevyo kabureta ya nyuma haifunguki.

Jaribio: usipige resi gari likiwa limesimama, bila mzigo kabureta za pembeni hazifunguki. Bana klipu ya karatasi kwenye shina la kiwambo, ikigusa chini ya kasha la kiwambo. Nenda barabara iliyo wazi, gia ya pili, kanyaga mpaka chini. Rudi, fungua boneti. Klipu ikiwa imeteremka, kabureta imefunguka, na umbali iliyoteremka ndio kiasi.