Laki Nane na Themanini, Pamoja na Kuku

ZUHURA: Leo tunaanza bila salamu ndefu, maana Mutiso ameingia studio na matope ya Joska kwenye viatu, na kijana wetu wa sauti ameanza kumtazama vibaya.

MUTISO: Matope ya kazi haya. Jumamosi nilikuwa na mnunuzi.

ZUHURA: Wa ile trekta yako ya Kubota? Si yadi ya kuuza matrekta walishakupa bei?

MUTISO: Walinipa. Nitoe yangu kwa laki sita na nusu, niongeze juu, niondoke na mpya. Ofa inaisha Ijumaa hii. Sasa huyu wa Jumamosi, kwa mdomo wake mwenyewe, ametaja laki nane na themanini. Laki mbili na elfu thelathini zaidi, Zuhura! Hiyo ni pesa ya ng'ombe wa maziwa.

ZUHURA: Ametaja au amelipa?

MUTISO: Ametaja.

ZUHURA: Haya. Alipoiwasha alisemaje?

MUTISO: Hakuiwasha.

ZUHURA: Mtu anataja laki nane na trekta hajaisikia ikinguruma?

MUTISO: Inawaka vizuri kabisa. Ila kwa sasa haiwashwi. Kuna kuku.

ZUHURA: ...Kuku.

MUTISO: Mama alitandika gunia kwenye kiti jua lisikipasue. Mvua ikaanza, kuku akaona hapo pakavu, akataga. Sasa anaatamia. Nimemkuta amejitandaza hivi, mkia kwenye usukani, jicho moja linanitazama utadhani mimi ndiye nimekuja kuomba mahali.

ZUHURA: Mayai mangapi?

MUTISO: Hakubali kuhesabiwa.

ZUHURA: Sasa kaka, si umhamishe usiku? Bibi yangu kule Kisauni alikuwa akiwahamisha gizani, anawasogeza na mayai yao kwenye kikapu, asubuhi kuku yuko jikoni na hana habari.

MUTISO: Nimemwambia Mama maneno hayo hayo. Akaniuliza, "Na akisusa mayai, yadi watalipa?"

ZUHURA: (anacheka) Mama ana hoja.

MUTISO: Mama amefunga mjadala. Siku 21 zikiisha, vifaranga vishuke, ndipo trekta iguswe. Na hizo siku zinaishia wiki ijayo.

ZUHURA: Na yadi ni Ijumaa hii.

MUTISO: Ndiyo maana nasema kuku ameshaamua.

ZUHURA: Hapana, hapana. Kwanza niambie, huyo mnunuzi alikagua nini kama hakuwasha?

MUTISO: Alikuja na fundi wake, mzee mmoja wa maneno machache. Hakumtazama kuku hata kidogo. Akaenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye injini, akakaa hapo, akasema, "Hii ni baridi ya kweli."

ZUHURA: (anacheka) Anaijua kazi! Wasikilizaji, hiyo muishike. Kuna wauzaji wanaojua mnakuja saa nne, saa tatu wameshaipasha moto. Mkifika inawaka kwa mguso mmoja. Dizeli iliyochoka inajulikana ikiwa baridi: unazungusha stata weee, halafu moshi mweupe unatoka na hauishi. Ukikuta injini ina joto na wewe ndiyo unafika, rudi kesho.

MUTISO: Mimi nina ushahidi wa kuku. Hakuna injini baridi kuliko hiyo kaunti nzima ya Machakos.

ZUHURA: Andika hivyo kwenye tangazo. "Injini baridi, imethibitishwa na kuku."

MUTISO: Na mtu atauliza, "Bei ya mwisho ngapi, pamoja na kuku?"

ZUHURA: Hilo ataliuliza!

MUTISO: Si "ataliuliza." Ameliuliza! Jumamosi! Akiwa anaondoka, mlangoni: laki nane na themanini, je, na kuku yumo? Mama akasikia kutoka jikoni.

ZUHURA: Akasemaje?

MUTISO: Akasema kuku ana bei yake.

ZUHURA: (anacheka) Jamani. Turudi. Turudi kwenye trekta.

MUTISO: Fundi aliendelea. Akasoma mita ya injini: masaa 1,140 ya kazi. Halafu akainama akatazama raba ya pedali ya klachi.

ZUHURA: Sawasawa. Mita inaweza kubadilishwa, mguu wa dereva haudanganyi. Ikisema masaa mia tatu na pedali imelika mpaka chuma kinang'aa, mita ndiyo mwongo. Na zile pini za nyuma za kufungia plau, ukizikuta zimelegea zinacheza, hiyo trekta imelima mashamba ya watu.

MUTISO: Yangu ziko imara. Akatingisha moja moja.

ZUHURA: Lakini haidroliki, ile ya kuinua vifaa, hakuijaribu. Hakuinua rotaveta, kile kifaa cha kutifua udongo, akazima injini, akatazama kama inashuka yenyewe. Shafti ya nyuma, ile ya kuendesha vifaa, hakuizungusha. Kwa hiyo hiyo laki nane na themanini ni bei ya macho, Mutiso. Siku akiiwasha, bei inaanza upya. Ataona kitu. Hata kama hakuna kitu, ataona kitu.

MUTISO: Na nikishuka hadi laki nane, bado nimewapita yadi kwa laki na nusu.

ZUHURA: Yadi nao wasikilize. Nimekaa kwenye duka la spea Kirinyaga Road miaka, nimewaona wanavyonunua. Ile yako wataimwaga oili yote, watabadilisha filta, pengine sahani ya klachi, betri, rangi. Halafu inakaa nje miezi wakisubiri mteja, na pesa yao imelala. Akipatikana, anataka garanti. Ile tofauti inatoka hapo.

MUTISO: Hiyo ningeikubali kama mchezo ungekuwa huo peke yake. Sikiliza nilichofanya. Mara ya kwanza niliingia pale kama mtu mwenye pesa taslimu. Sikutaja ya zamani. Wakanipa bei ya mpya, nikaiandika. Nikarudi baadaye na picha za yangu. Bei ya mpya, ile ile, rangi ile ile, ikawa imepanda elfu themanini.

ZUHURA: Ah.

MUTISO: Sasa toa hizo kwenye laki sita na nusu. Wamenipa laki tano na sabini na kunipigia makofi. Na rotaveta na slasha ya kukata nyasi wakaandika sifuri. "Hivyo vinakuja nayo."

ZUHURA: Vifaa uza peke yake, hapo hatubishani. Rotaveta ina mnunuzi wake hata asiye na haja na trekta yako. Na hilo la kuuliza bei ya taslimu kwanza, kila mtu alifanye, hata kwenye gari. Lakini bado nakwambia, nenda yadi Ijumaa. Wapige bei waiondoe hiyo elfu themanini, kisha malizana nao.

MUTISO: Kwa nini?

ZUHURA: Kwa sababu si wewe unayeuza. Wewe uko Donholm. Anayeuza ni mama yako. Tangazo lina namba yako, lakini anayefungua geti ni yeye. Watu usiowajua wanaingia boma la mama mwenye umri, wanaona geti ni la aina gani, mbwa ni wangapi, trekta inalala wapi. Wengine hawana nia ya kununua. Hiyo laki mbili unayoihesabu, kazi yake anaifanya yeye, na hujamlipa.

MUTISO: Zuhura, mama yangu anapenda wageni.

ZUHURA: Wageni, ndiyo. Hawa ni wateja na mabroka.

MUTISO: Mama yangu amewauzia maembe mabroka tangu kabla sijazaliwa. Hakuna broka aliyemwacha na hasara. Wewe unamchukua kama mtu wa kufichwa ndani. Jumamosi ndiye aliyemfanya yule mtu apande kutoka laki nane. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza.

ZUHURA: Sisemi hajui kuuza. Nasema hakuulizwa.

MUTISO: Nilimwuliza.

ZUHURA: Ulimwuliza au ulimwambia?

MUTISO: ...Nyumbani kwetu ni kitu kimoja.

ZUHURA: Basi umenijibu.

MUTISO: Sijakujibu. Ninachosema, pesa hiyo ni ya shamba, na shamba ni lake. Ukinipeleka yadi kwa ajili ya usalama wake, unachukua laki mbili zake unampa mtu mwenye ofisi na kiyoyozi Mombasa Road. Na wewe ungemwambia hivyo? Mimi siwezi.

ZUHURA: Mimi ningemwambia.

MUTISO: Njoo Joska umwambie.

ZUHURA: Nitakuja.

MUTISO: Utakuja, utapewa muthokoi, na jioni utakuwa upande wake.

ZUHURA: Nitakula, na nitabaki na maneno yangu. Mpeleke mnunuzi akaione trekta kwenye kituo cha mafuta, mahali pa watu, fundi wao awepo. Kwa nini lazima iwe bomani?

MUTISO: Kwa sababu sasa hivi haitoki bomani!

ZUHURA: Kuku tena.

MUTISO: Kuku tena! Niipakie kwenye lori la Kanta na kuku juu?

ZUHURA: (anacheka) Abebwe tu. Abiria mmoja.

MUTISO: Alipe nauli.

ZUHURA: Kijana anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili? Mutiso, na mimi nilikuwa na karatasi nzima hapa. Malipo, logibuku yaani hati ya umiliki, mambo ya NTSA, wale wa kusajili magari, makubaliano ya maandishi...

MUTISO: Chukua malipo.

ZUHURA: Malipo. M-Pesa kwa mara moja haipiti shilingi 250,000, na kwa siku nzima ni 500,000. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ujumbe kwamba amekutumia laki nane kwa mkupuo, huo ameuandika mwenyewe. Nendeni benki pamoja. Hundi subiri ipite, usitoe funguo kwa sababu umeona karatasi. Na logibuku...

MUTISO: Aanze muuzaji kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, mnunuzi akubali, namba ya KTCB, ile ya trekta, iondoke kwenye jina lako wewe muuzaji kabla...

ZUHURA: Kabla haijagonga mtu. Ndiyo. Mkataba sijagusa. Deni la benki kwenye logibuku sijagusa. Anapunga mkono sasa. Wiki ijayo tuna mtu wa matangi ya maji, na Mutiso...

MUTISO: Bado nauza mwenyewe.

ZUHURA: Na mimi bado nasema Ijumaa. Weka muziki.