Ilani ya Fundi Cherehani: Mpiga Kura Asiye na Chama Anataka Nini 2027

MWANAIDI: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tuko Mwembe Tayari, Mombasa, ndani ya duka la Kombo mwenyewe. Mkisikia cherehani inalia huko nyuma, ni kijana wake anamalizia sare za shule. Kombo, anza na lile jambo la chama.

KOMBO: Waaleikum salaam. Dada, mimi sijawahi kushika kadi ya chama tangu nizaliwe. Mwaka 2021 kukavuma habari kwamba ukiingia kwenye mtandao wa serikali, ukaandika nambari ya kitambulisho, unaonyeshwa uko chama gani. Nikaingia. Nikajikuta mwanachama! Sikuweka sahihi popote, sikuulizwa na mtu.

MWANAIDI: Na Wakenya wengi walijikuta hivyo hivyo mwaka ule.

KOMBO: Wengi mno. Nikalazimika kujitoa kwenye chama nisichojiunga nacho. Usiku ule ndipo nilipolianza daftari hili. Nilisema, ikiwa mtu aliweza kuniandikisha chama bila mimi kujua, basi ninachokitaka nitakiandika kwa mkono wangu.

MWANAIDI: Nimelishika hapa. Ni daftari la vipimo vya wateja. Mbele kuna kiuno, bega, urefu wa mkono, na kurasa za mwisho ndizo za ilani. Lakini Kombo, mpiga kura ana ilani ya nini? Ilani si ya mgombea?

KOMBO: Wewe ukija kushona gauni, nani anasema vipimo? Tarehe 10 Agosti 2027 nitapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Sita, dada. Watakuja kuniambia nipige mstari mmoja kutoka juu hadi chini, yaani chama kimoja kwenye zote. Mimi kila karatasi nitaipima peke yake.

MWANAIDI: Haya, soma. La kwanza?

KOMBO: Afya. Na hapa naomba unipe nafasi, maana hili linaniuma. SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali, ilipoanza Oktoba 2024, wa mshahara alijua lake: asilimia 2.75 inakatwa kabla hajaiona. Wa laki moja anatoa 2,750, na zamani kwa NHIF, ile bima iliyotangulia, alitoa 1,700. Kwake ni mzigo, lakini unajulikana. Sasa mimi fundi. Zamani nilitoa 500 kwa mwezi, nikikosa mwezi huu nahangaika mwezi ujao. Sasa naulizwa maswali kuhusu nyumba yangu na mali yangu, nakadiriwa kipato, halafu natakiwa nilipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Hata ukiwekwa kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, ni 3,600 mara moja.

MWANAIDI: Kuna watakaosema 3,600 kwa mwaka si nyingi.

KOMBO: Fungua daftari mbele, tazama Januari. Sare, sare, sare. Ukurasa umejaa. Tazama wiki mbili kabla ya Idd: hakuna pa kuandika. Sasa nenda mwezi baada ya Idd. Unaona nini?

MWANAIDI: Zipu mbili na suruali ya kupunguza.

KOMBO: Mwezi mzima! Umwambie mtu huyu atoe 3,600 mwezi huo, na mwanawe ana homa? Ilani yangu inasema hivi: fundi, mvuvi, mama wa mahamri, walipe kwa msimu wao. Pesa ikiwapo, nitoe ya miezi mitano. Isipokuwapo, nisifungiwe mlango wa hospitali. Baadaye serikali ilileta mpango wa kukopeshwa mchango ili ulipe pole pole. Ni hatua, lakini bado ni deni. Mimi sitaki kukopa ili niruhusiwe kuugua.

MWANAIDI: Hapo naomba nikubane. Ukifungua mlango kwa asiyelipa, nani atalipa? Hospitali nazo zinalalamika kwamba zinadai.

KOMBO: Ndiyo maana nimejiwekea sharti: kila ninachodai, pembeni naandika pesa inatoka wapi. Hapa nimeandika deni. Nchi inadaiwa zaidi ya trilioni 11. Sisemi tusilipe. Nasema mgombea urais aniambie ni mradi gani atausimamisha kwanza ili zahanati ipate dawa. Akinijibu kwamba atafanya vyote, nampa sifuri.

MWANAIDI: Niliona umeandika "mkate" hapa ukapigia mstari.

KOMBO: Ule mswada wa fedha wa 2024. Kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana waliusoma ule mswada, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, mpaka mimi niliyeishia darasa la nane nikauelewa. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya watu kuuawa barabarani, rais akakataa kuutia sahihi. Tangu hapo siwezi kumsikiliza mtu anayesema siasa za bajeti si za watu kama sisi. Watoto wa watu walikufa kwa ajili ya karatasi zile. Angalau tuzisome.

MWANAIDI: Kweli kabisa. La pili ni kaunti.

KOMBO: Na hapa ndipo watu wanapopotezwa. Utasikia jukwaani: kaunti zinapata zaidi ya asilimia 15 inayotakiwa na katiba. Ni kweli. Lakini asilimia 15 ya nini? Kifungu cha 203 kinasema ni ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuzipitisha, wanapiga hesabu kwa mapato ya miaka kadhaa nyuma. Ni kama nikupimie kanzu ya mwanao kwa vipimo vya alipokuwa chekechea.

MWANAIDI: Kwa hivyo unataka asilimia iongezwe?

KOMBO: Hapana, nataka hesabu zipitishwe kila mwaka kwa wakati. Mbunge wangu nitamuuliza hilo tu. Na gavana naye asidhani amepona: zile pesa zikifika, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ibandikwe zahanati na ofisi ya wadi, kwa Kiswahili.

MWANAIDI: Mambo ya elimu na ajira umeyapitia mistari miwili miwili, hayo tuyaache. Lakini Kombo, kuna kitu nimetafuta humu sikukiona. Wewe ni mtu wa Pwani. Ardhi iko wapi?

KOMBO: ...Sikuiandika.

MWANAIDI: Kwa nini?

KOMBO: Nimeisikia kila uchaguzi tangu nikiwa mtoto, dada. Nilichoka.

MWANAIDI: Basi mimi nitaiandika, nipe kalamu. Mamangu alizaliwa kwenye shamba la mtu asiyemjua. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimpa mwenye kudai na kuandikisha, na bibi zetu hawakuandikisha kitu, ardhi ikahesabiwa ya serikali. Mwaka 2016 kule Likoni watu wa lile shamba la Waitiki la ekari 930, ambalo serikali ililinunua kwa mwenye hati, walipewa hati zao, wakashangilia, kisha wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000. Kwa ardhi waliyokuwa wameishi! Andika: hati kwa aliyekaa, bila bei ya kumfukuza kwa mlango wa nyuma.

KOMBO: Na pesa inatoka wapi?

MWANAIDI: Umenipata. Fidia ya mwenye hati italipwa na hazina, na bei ipimwe hadharani kabla serikali haijanunua, si baada.

KOMBO: Imeingia. Namba tatu.

MWANAIDI: Na kuna yeyote aliyekwisha kuisoma ilani hii zaidi yetu?

KOMBO: Yupo. Juma lililopita kaja mmoja anayetaka wadi, ana fulana mia mbili za kutiwa nembo. Nikamwambia, kazi nitaifanya, lakini soma ukurasa huu kwanza. Akasoma kasimama, palepale ulipo. Akaniuliza, "Mzee, unataka nikusaidie nini?" Nikamwambia, mimi sitaki kusaidiwa, nataka majibu. Akanyamaza kidogo, akatoa simu, akaupiga picha ukurasa. Akasema atarudi Jumamosi na majibu yake kwa maandishi.

MWANAIDI: Atarudi?

KOMBO: Fulana zake ziko pale kwenye kabati. Na namba tatu itabidi aisome upya, hakuipiga picha.