Panya, Fruktosi na Ini: Kabla ya Kuamini Matokeo

Habari za asubuhi. Leo ni majaribio ya kuwapa panya fruktosi, ile sukari ya matunda na soda, kuona inavyoliathiri ini. Tuanze na hesabu ya dozi, maana wengi wanateleza hapo.

Chakula kinachotumika sana kwa panya wakubwa wa maabara kina fruktosi asilimia 60 hivi. Panya wa gramu 300 anakula kama gramu 20 kwa siku, kwa hiyo anameza gramu 12 za fruktosi, yaani gramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Ukizidisha hivyo hivyo kwa mtu wa kilo 60 unapata kilo 2.4 kwa siku. Upuuzi mtupu. Mwili wa panya unaunguza nishati kwa kasi kuliko wetu, ndiyo maana kipimo chake tunakigawa kwanza kwa 6.2, kigawio cha kawaida cha kutoka panya mkubwa kwenda mtu, na bado zinabaki gramu 387 hivi. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, na nusu yake tu ndiyo fruktosi. Zingehitajika chupa kama 15 kila siku.

Ndiyo sababu napendelea fruktosi ya kunywa: gramu 100, kisha maji hadi ifike lita moja. Panya huyo akinywa mililita 50 amepata gramu 5, takriban robo ya nishati yake ya siku. Hiyo inazungumzika. Ila kimiminika hicho huchacha, kwa hiyo kibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na chupa ipimwe kwa mizani kabla na baada. Weka pia chupa moja kwenye kizimba kitupu. Mililita zinazodondoka humo ndizo utakazotoa kwenye hesabu. Tena panya akishiba sukari hupunguza chakula kikavu, na protini inashuka pamoja nacho. Ukimlinganisha na anayekunywa maji matupu, hujui umepima fruktosi, nishati ya ziada, au upungufu wa protini. Kundi la kulinganishia lipewe glukosi, ile sukari ya damu, ya kiasi kilekile.

Kwani fruktosi ina nini? Ndani ya ini, glukosi hupita kwenye kimeng'enya kinachofanya kazi kama mlinzi wa geti: nishati ikitosha, geti linafungwa. Fruktosi inaingia kwa mlango mwingine, wa kimeng'enya kiitwacho ketoheksokinezi, na mlango huo hauna mlinzi. ATP, yaani akiba ya nishati ya seli, inatumika haraka, mabaki yake yanaishia kuwa asidi ya yuriki, na kaboni nyingi zinageuzwa mafuta. Trigliseridi, yaani mafuta, za damu hupanda ndani ya wiki mbili hivi. Usugu wa insulini hufuata, yaani mwili hauitikii vizuri homoni inayoshusha sukari. Panya wadogo waliozalishwa bila kimeng'enya hicho wanakingika kwa kiasi kikubwa, na huo kwangu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Kuhusu yuriki mwe waangalifu: panya wana kimeng'enya cha kuivunja, sisi hatuna.

Utafiti wa mwaka 2018 kwa panya wadogo uliongeza jambo: dozi ndogo hugeuzwa glukosi na utumbo mwembamba wenyewe. Ini hufikiwa na mafuriko pale utumbo unapozidiwa. Kwa hiyo kasi ya kunywa nayo ni sehemu ya dozi.

Shinikizo la damu ndilo lenye utata zaidi. Mwaka 1987 iliripotiwa kwamba chakula chenye fruktosi asilimia 66 kinalipandisha kwa panya. Lakini kipimo cha mkanda wa mkiani kinataka panya abanwe na apashwe joto, naye huingiwa na hofu. Vifaa vinavyopandikizwa mwilini na kutuma vipimo kwa redio mara nyingi vimeonyesha ongezeko dogo, au hakuna kabisa.

Kwa nyani aina ya rhesus, jaribio lililochapishwa mwaka 2011 liliwapa madume 29 gramu 75 za fruktosi kwa siku, katika kinywaji cha mililita 500, kwa miezi 12. Wanne walipata kisukari cha aina ya pili. Dozi hiyo si ya ajabu sana, ndiyo maana inanitia wasiwasi kuliko panya wote.

La mwisho ni ini lenyewe. Ukilihifadhi kwenye nta ya parafini, vimiminika vinavyotumika huyeyusha mafuta, na kwenye darubini utaona matundu meupe tu. Kata vipande viwili: kimoja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, cha pili kigandishwe papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika, kabla hujamgusa panya mwingine.