Umri wa Mashua Uko Tezini

Assalamu alaikum, na shikamooni wazee wangu mlioketi mbele.

Nianze na mashua niliyouziwa kule Mtwapa. Mwenyewe aliniapia kuwa ni ya 1990, nami nikaamini kwa vile ilivyokuwa iking'aa. Nilipoifikisha nyumbani nikapitisha kidole tezini, yaani ubao wa nyuma wa mashua, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu, nikahisi mikwaruzo chini ya rangi mpya. Nikaibandika karatasi, nikaisugua kwa penseli polepole. Zikajitokeza herufi na tarakimu 12, nne za mwisho zikiwa M76C.

Kwa sheria ya Marekani, kila mashua iliyoundwa kuanzia Novemba 1972 hupigwa namba hiyo. Herufi 3 za mwanzo humtaja mwundaji, 5 zifuatazo ni namba ya mashua yenyewe, na 4 za mwisho ndizo tarehe. Hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza, maana tarehe ina mitindo mitatu.

Wa kwanza ni mwepesi: 0578 ni Mei 1978, basi. Wa pili huanza na M, ukafuata mwaka wa toleo, yaani mwaka ambao mashua huuzwa kwa jina lake, kisha herufi ya mwezi. Shikeni sana hili: A hapa ni Agosti, si Januari, kwa kuwa mwaka wa toleo ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo C ni Oktoba, na Oktoba ya toleo la 1976 ni Oktoba 1975. Nilikuwa nimebebeshwa miaka 15 ya ziada! Na kwa mashua ya faiba miaka hiyo ni mingi: maji hupenya pole pole, ubao uliofunikwa ndani ya sitaha huoza bila wewe kuuona, nyaya za mlingoti huchoka.

Wa tatu ndio uliobaki peke yake tangu Agosti 1984, na A ikawa Januari. K889 ni Novemba 1988, toleo la 1989: K ni mwezi, 8 ni mwaka wa kuundwa, na 89 ni toleo. Za Ulaya, tangu Juni 1998, hutanguliwa na herufi mbili za nchi, kama FR kwa Ufaransa. Mwisho wake husomwa vivyo hivyo.

Namba ya tangani msiitegemee. Tanga huvuliwa mashua hii likavishwa ile. Na mkikuta tezi imekwanguliwa, msitoe hata shilingi kwanza. Mashua za Marekani za kuanzia Agosti 1984 zina namba ya pili iliyofichwa ndani. Fundi na aitafute, mlinganishe.

Ama madau na ngalawa zetu za mbao, huko hakuna namba. Mtafuteni fundi aliyeikalafati, yaani aliyeziba nyufa zake, mara ya mwisho, akuonyesheni mbao zipi ni za asili na zipi kazitia yeye.

Sasa tutoke nje. Mashua yangu iko pale juu ya magogo, na penseli nimezileta za kutosha.